Jiko Lilikuwa Zima, Ubaya Ulikuwa Kwenye Debe la Mume Wangu

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minane. Naishi Tandale, chumba kimoja na binti yangu Rehema, na riziki yangu naipata kwa kuuza ndizi za kupika pale sokoni. Ukinikuta kwenye meza yangu utadhani ni mtu mwenye amani. Nacheka na wateja, nataniana na wachukuzi... Lakini nikirudi nyumbani, nikasikia mpangaji mwenzangu anawasha jiko la mafuta ya taa, natoka nje hadi amalize kupika.

Nimenyamaza miaka mingi. Leo nimeona niseme, maana wapo kina mama wanaopika kila siku bila kujua kinachomiminwa kwenye majiko yao. Mkinihukumu, nihukumuni. Lakini nisikilizeni kwanza.

Kwetu ni Lindi. Niliolewa nikiwa bado mdogo na Mshamu, mtu wa Kigamboni, aliyekuwa akihudumia pampu ya mafuta kwenye yadi ya malori ya shirika moja la umma. Tukapanga chumba Temeke, nyumba ya vyumba sita yenye ua mmoja wa kupikia wote. Mshamu hakuwa mlevi, hakuwa mpigaji. Akipata samaki mzuri ananiletea mwenyewe, kamfunga kwenye gazeti. Kwenye mikutano ya mtaa alikuwa hodari wa kusimama na kuwasema walanguzi wanaowanyonya wananchi. Watu walimpigia makofi. Mie nilikaa upande wa wanawake, najiona nimepata mume!

Tulipompata Rehema, mdogo wangu Asumini alikuja kutoka Lindi kunisaidia kulea. Alikuwa na miaka kumi na saba, mrefu, mcheshi, fundi wa kusuka nywele. Asubuhi alikwenda kujifunza kushona kwenye kikundi cha kina mama wa kata, mchana anakaa na mtoto. Kupika nilipika mimi. Mshamu alikuwa hali chakula cha mkono mwingine.

Ndipo ikaja ile miaka ya foleni. Nani kati yenu asiyeikumbuka? Sukari foleni, sabuni foleni, unga foleni. Mafuta ya taa ndiyo yalikuwa balaa kabisa. Unapanga chupa yako dukani alfajiri, unaambiwa yameisha kabla hujafikia mlango.

Siku moja Mshamu akaja na debe limejaa. Aliniambia ni mgawo wa wafanyakazi pale kazini. Nikamshukuru Mungu! Akaliweka uvunguni mwa kitanda, na tangu hapo halikukauka. Wiki baada ya wiki analijaza. Majirani wakaanza kuja jioni na chupa zao za soda. Aliwapimia yeye mwenyewe. Mimi hakutaka nipime, aliniambia nitamwaga. Niliona ni utani wa mume na mke.

Baada ya muda jiko langu likaanza vituko.

Lilikuwa jiko la Mchina, yale ya tambi, ambalo lilikuwa halijanisumbua hata siku moja. Likaanza kutoa moto mrefu wa njano badala ya ule mfupi wa buluu. Masufuria yakawa meusi ti. Nikafikiri tambi zimekwisha, nikazikata ncha zilizoungua. Hakuna nafuu. Nikanunua mpya, nikazivusha moja moja kwenye matundu yake, zote zikasimama sawa. Moto ukazidi! Nikafikiri labda kuna maji kwenye tangi, nikalimwaga lote, nikalianika juani. Nikasugua masizi kwenye yale mabati yenye matundu hadi yakang'aa. Nikampelekea fundi wa majiko barabarani, naye akaligeuza huku na huku, akasema halina ubovu.

Lakini nikiliwasha tu, linaruka. Na likishika moto vizuri linatoa sauti, po, po, po, kama mtu anagonga bati kwa kidole. Tangi linakuwa la moto hadi huligusi. Siku moja moto ulinirukia usoni, ukanichoma nyusi zote. Asumini alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanipaka wanja mahali pa nyusi ili niweze kwenda sokoni.

Nilipomweleza Mshamu, alisema kosa ni langu. Napandisha tambi kupita kiasi, ndiyo tabia ya watu waliozoea kuni. Mama yake alipovuka kwa pantoni kuja kututembelea, akamhadithia mbele yangu. Mama mkwe akanitazama nyusi zangu za wanja, akasema wanawe wote alizaa na kulea kwa jiko la mafuta na hakuna hata mmoja aliyebabuka. Nikainamisha kichwa. Jamani, mtu akiambiwa kila siku kwamba mjinga ni yeye, si mwishowe anaamini?

Nilianza kuliogopa jiko langu mwenyewe. Nikitaka kuliwasha namtoa kwanza mtoto uani.

Aliyenifumbua macho ni mpangaji mwenzetu, Mama Neema, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa bara. Yeye hakununua mafuta kwa Mshamu hata tone. Alisema afadhali ashinde foleni ya duka la ushirika kuliko kununua kitu uchochoroni. Aliliangalia jiko langu linavyoruka, akaniuliza kama nimeshajaribu mafuta mengine. Sikuwa nimejaribu. Nilikuwa nimebadilisha kila kitu kwenye jiko lile isipokuwa hicho tu!

Akanipa kidogo kwenye kikombe. Nikamwaga yangu yote, nikakausha tangi, nikabadilisha na tambi, nikatia ya kwake. Jiko likawaka kimya, buluu, limetulia kama zamani. Nikarudishia ya debe. Po, po, po... moto ukapanda juu ya sufuria.

Tuliangaliana. Mama Neema alichukua kikombe chake akaingia ndani.

Mshamu aliporudi nilimweleza yote kwa upole. Nilimwambia labda huko kazini wanapewa mafuta mabaya, watu wataungua. Alifungua viatu taratibu. Kisha akasema huenda pipa la kule liliingia uchafu. Akalibeba lile debe mbele ya macho yangu, akatoka nalo. Alirudi nalo limejaa. Aliniambia yale mabaya ameyamwaga na haya ni masafi.

Akafanya kitu ambacho hakuwahi kufanya tangu tuoane. Alikaa kwenye kigoda uani, akamwaga yaliyobaki kwenye tangi, akalijaza jiko kwa mkono wake, akaliwasha. Buluu. Kimya kabisa.

"Umeona, Mama Rehema?" alisema. "Sasa pika bila wasiwasi."

Nilipika, wenzangu. Nilipika nikiimba! Tulikula sote wanne kwenye sinia moja, Asumini akamtania shemeji yake kwamba sasa ni fundi wa majiko, amfungulie kibanda. Mshamu alicheka.

Kesho yake ikasikika kwamba sabuni imefika duka la ushirika. Nikachukua kikapu nikaondoka mapema, nikamwachia Asumini mtoto. Nilitegemea kurudi nipike chakula cha mchana. Lakini foleni ilikuwa haisogei. Mara karani ametoka, mara ufunguo haupo. Nikitoka nafasi inapotea, na nyumbani hakukuwa na kipande cha sabuni. Nikajiambia nivumilie kidogo tu...

Rehema akaanza kulia njaa. Asumini akaamua kumpikia uji.

Haya ninayowaambia sasa niliyapata kwake mwenyewe na kwa Mama Neema, aliyekuwa amerudi kutoka shule. Asumini aliwasha jiko, uji ukaanza kuchemka, mafuta yakakaribia kuisha. Akalizima. Akalisogeza kivulini, akalisubiri lipoe, akagusa tangi kwa mkono kuhakikisha. Ndipo akaleta debe uani akaanza kumimina. Hatua chache kutoka pale mpangaji mwingine alikuwa amebandika maharage kwenye jiko la mkaa.

Mafuta ya taa halali hayawezi kuvutwa na moto wa mkaa ulio mbali vile. Yale yalivutwa. Mama Neema anasema aliona moto unatembea hewani, kama kitambaa kinachovutwa, ukamfikia Asumini ambaye bado ameinamia jiko. Mwanangu alikuwa amesimama karibu na mgongo wake. Kitu cha kwanza alichofanya mdogo wangu, khanga zake zikiwa zinawaka, ni kumsukuma Rehema akaangukia kwenye beseni la nguo zilizolowekwa. Mama Neema akamfunika kwa blanketi, watu wakammwagia mchanga. Debe lenyewe halikuungua. Alikuwa amelitupa mbali alipoona moto unakuja, likaangukia ubavu, likabaki na mafuta kama nusu.

Niliitwa kwenye foleni. Nilikimbia na kikapu kitupu.

Sitaki kueleza nilichokiona hospitali. Niseme tu kwamba nilimtambua kwa nywele za nyuma, misuko aliyojisuka mwenyewe. Mshamu alikuwa amenitangulia. Nilimkuta akimweleza muuguzi kwamba shemeji yake alikuwa akijaza mafuta huku jiko linawaka, na wasichana wa siku hizi hawaambiliki. Muuguzi akatikisa kichwa kwa huruma. Na mimi... mimi niliamini! Nilikaa kando ya kitanda nikasema moyoni, Asumini, kwa nini hukuzima?

Siku iliyofuata alipata sauti. Alinitafuta kwa macho. Niliinama karibu.

"Dada," alisema, "nililizima. Nikaliacha lipoe. Usiwaache waseme sikulizima."

Nilimwambia anyamaze apumzike. Akarudia tena, hilo hilo. Hakuomba maji, hakumtaja mama yetu wala maumivu. Aliogopa kuonekana mzembe. Kabla jua halijachwea alikuwa ametutoka.

Wasomaji wangu, nilirudi nyumbani sijui nilitembea au nilibebwa. Watu wamejaa, vilio kila kona. Katikati ya ule msiba nikamwona Mshamu akimnong'oneza rafiki yake, na rafiki yake akaingia chumbani kwangu. Nikamfuata. Nilimkuta amepiga magoti, mkono uko uvunguni, anatafuta debe. Nilimwuliza anatafuta nini. Alisema ametumwa alitoe, linaleta harufu mbaya msibani.

Harufu! Ndipo nikapata fahamu. Nguo za Mshamu zilikuwa zikinuka petroli tangu siku aliyonioa, chumba chetu kizima kilinuka petroli, pua yangu ilishazoea. Hata ningewekewa pipa la petroli kichwani nisingetambua. Nilimwambia yule rafiki atoke. Debe halikuwa pale kwa sababu Mama Neema alikuwa ameliokota uani na kulifungia chumbani kwake. Yeye alikuwa na pua nzima.

Tulimzika Asumini bila baba. Barabara ya kusini ilikuwa imekatika kwa mafuriko kule Rufiji, na baba alipofika, mzee wa watu, suruali ina tope hadi magotini, tanga lilikuwa linaanuliwa. Wanaume walikuwa wamekaa mkekani nje chini ya turubai. Mimi nilikuwa mlangoni na wanawake, nikamwona anavyopokelewa. Mshamu alimpa mkono, "shikamoo baba," akamkalisha, akaanza kumsimulia. Kwamba walimwonya mara nyingi. Kwamba jiko halijazwi likiwa linawaka. Kwamba ni kudra ya Mungu.

Baba alisikiliza hadi mwisho. Kisha akavua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akamwambia mume wangu:

"Mwanangu, unisamehe. Mtoto wangu nilimleta kwenu akusaidieni, kumbe nimewaletea hasara. Tangu mdogo alikuwa na haraka."

Baba yangu anaomba radhi! Anamwomba radhi Mshamu! Na Mshamu akamshika bega na kumwambia yamepita...

Sijui nguvu niliitoa wapi. Nilikwenda chumbani kwa Mama Neema, nikabeba lile debe, na chupa ya mafuta yake nikaibana kwapani. Nilitoka mbele ya wanaume kichwa wazi, khanga imenidondoka. Wanawake walinivuta nyuma, nikawakwepa. Mshamu aliinuka upesi akaniambia nimechanganyikiwa kwa uchungu, nirudi ndani. Na mimi mwenyewe niliogopa. Sikuwa na hakika! Kama nimekosea, nimemwaibisha mume wangu kwenye msiba, mbele ya balozi wa nyumba kumi na wazee wote wa mtaa. Wangenifukuza kama mbwa na ningestahili.

"Baba," nilisema, "usimwombe radhi. Ngoja uone kwanza."

Niliweka sahani mbili za bati mchangani, mbali na turubai. Moja nikatia kidogo kutoka kwenye chupa ya Mama Neema, nyingine kutoka kwenye debe. Nikachukua kijiti kirefu, nikakiwasha, nikakisogeza kwenye sahani ya Mama Neema. Kijiti kiligusa mafuta kikazimika, fuu. Nikakiwasha tena, nikakielekeza kwenye ile nyingine. Sikuifikia. Moto ulirukia kijiti kikiwa bado hewani, ukasimama wima urefu wa mtoto.

Balozi, ambaye mkewe naye alinunua mafuta kwetu, alisimama akaja kunusa debe. Akamtazama Mshamu.

"Bwana Mshamu, wewe si ndiye unayeshika pampu?"

Mshamu alikaa chini. Kila mtu alielewa. Petroli alikuwa akiiba yadi, na kwa kuwa petroli yenyewe kuiuza ni hatari, alikuwa akiichanganya na mafuta ya taa kidogo ili debe lote liuzike kama mafuta ya taa. Sote tulikuwa tunapikia mauti, mtaa mzima. Mimi nikasugua masizi na kukata tambi, nikiomba radhi kwa mume wangu kwa kutojua kupika!

Baba alivaa kofia yake. Aliniambia neno moja tu, ahsante mwanangu. Kisha akaomba apelekwe kaburini.

Mtadhani hapo haki ilitendeka. Mshamu alikamatwa, akashitakiwa, akafungwa. Nilikwenda mahakamani nikakaa kwenye benchi nikisubiri jina la Asumini litajwe. Hakimu alisema juu ya petroli ya umma. Alisema juu ya uchumi wa taifa na watu wanaouhujumu. Nilisubiri... Asumini hakutajwa hata mara moja. Alihukumiwa kwa petroli. Kwa mdogo wangu hakuna aliyefungwa.

Na mimi? Mama mkwe alivuka maji na ndugu zake wakachukua kitanda, kabati na vyombo vyote. Alinieleza nimemfunga mwanaume kwa sababu ya jiko. Baadhi ya majirani waliacha kunisalimia, kwa sababu sasa hawakuwa na pa kupata mafuta! Niliondoka Temeke na Rehema mgongoni na bunda la nguo, nikaanza Tandale kwa kuchambua mchele wa watu. Ziko siku nilimpa mwanangu maji ya chumvi nikamwambia ni mchuzi. Ziko siku nilifikiria maneno ambayo mama hatakiwi kuyafikiria.

Mshamu alitoka gerezani. Alinitafuta hadi akapapata kwangu, amekonda, ndevu zimeota mvi. Nilimpa kigoda nje, nikampa maji. Alimwuliza Rehema kama anamkumbuka, mtoto akanisogelea. Nilimwuliza swali moja lililoniamsha usingizini miaka yote. Siku ile alipolijaza jiko kwa mkono wake, likawaka buluu, alitia nini?

Hakuficha. Alisema alikuja na mafuta safi kwenye chupa ndogo mfukoni, akatia hayo nilipogeuka kumchukulia kiberiti. Debe lilikuwa lile lile.

Nikamwuliza, sasa ulitaka tupike nini kesho yake? Alikiweka kikombe chini.

"Nilijua unayepika ni wewe," alisema. "Wewe ulishajua kulimudu. Nilijua utajihadhari."

Niliingia ndani nikafunga mlango. Alikaa pale kigodani mpaka akachoka, akaenda zake. Sijamwona tena.

Wenzangu, ndiyo hayo yanayonimaliza. Si kwamba hakujua. Alijua, akaona uangalifu wangu unatosha kumlinda yeye! Alikuwa ananiita mjinga mchana, na maisha yetu sote ameyaweka juu ya akili yangu.

Nawaombeni, msipite nilikopita. Jiko likibadilika ghafla, likaruka, likagonga, likawa la moto tangini, lizime, usiliwashe tena mpaka ujue. Usihangaike na tambi tu, angalia unachotia. Nusa, mpe na jirani anuse, jaribu mafuta ya mtu mwingine. Usijaze karibu na moto wowote, hata wa mkaa, hata kama unadhani uko mbali. Na mtu akikujia na kitu kinachoadimika kwa kila mtu isipokuwa kwake, muulize kimetoka wapi, awe mume, awe kaka, awe nani. Muulize siku ya kwanza, kabla hujamshukuru.

Na wewe dada ambaye jioni hii unaambiwa kosa ni lako, wakati macho yako yameona vingine... amini macho yako. Mtoe mtoto uani, uzime hilo jiko. Leo laleni na njaa.